Kiti Kando ya Punje

Kiti kimoja kilikataa kujikunja.

Viti vya ukumbi ule wa sinema vilikuwa vya aina inayojikunja yenyewe mtu akiinuka: unasimama, na nyuma yako kinagonga pa! kama mlango mdogo. Baada ya kila onyesho Wifi, aliyekuwa akiuza bisi na kufagia, alipita na ufagio kati ya safu, na kazi yake ilikuwa nyepesi kwa sababu viti vyote vilikuwa vimekwisha jikunja. Mchana ule alikikuta kimoja, safu ya katikati, kando ya njia, kimelala kama kimekaliwa. Akakisukuma kwa goti. Kikapanda, kikasita, kisha kikashuka polepole, jinsi kiti kinavyoshuka chini ya mtu mzito anayejiweka sawa.

"Wifi yangu!" aliita kuelekea dirisha la tiketi. "Springi imekufa huku. Mwambie kaka aje na bisibisi, kabla mtu hajabanwa makalio tukaitwa wachawi."

Mke wa kaka huyo, aliyeitwa Fundi, alitoka kwenye kibanda chake akaja kutazama. Kwa kawaida angemjibu wifi yake kwa mzaha mkubwa zaidi. Leo alisimama tu, ncha ya kidole chake, iliyotobokatoboka kwa sindano, ikiwa imefichwa ndani ya kiganja.

Watu walimwita Bi Mdogo. Lilikuwa jina la uchokozi, maana hakuwa mdogo wa mtu yeyote. Fundi, mwenye ukumbi na mwendesha mtambo, alikuwa na mke mmoja tu, naye ndiye huyu. Yule wa kwanza alikuwa amezikwa kabla huyu hajamjua Fundi hata kwa salamu. Lakini wa kwanza alikuwa na kitu ambacho marehemu wengi hawana. Kila siku, kabla ya filamu kubwa, taa zikizimwa, kazi ya mikono yake ilijitokeza kwenye kitambaa cheupe, pana kuliko nyumba, na watu wakaipigia makofi. "Bi Mkubwa huyo!" walipaza sauti wateja wa siku zote. Na kama yupo Bi Mkubwa, basi anayekata tiketi dirishani lazima awe Bi Mdogo.

Marehemu alikuwa mchoraji wa katuni fupi. Alimchora mtu mmoja tu maisha yake yote, jina lake Punje, mfupi, mwembamba, mwenye kofia iliyomshinda ukubwa. Katika moja ya katuni hizo Punje anafagia jani mlangoni pake, na kila akiligeuzia kisogo jani linarudi na kukaa palepale kwa adabu. Katika nyingine anagawana mwavuli na konokono, wanapishana kuusogeza, kila mmoja akitaka mwenzake afunikwe, mpaka wote wawili wanalowa chepechepe. Hapakuwa na neno hata moja. Dakika chache tu, na watu walioingia kila mmoja na ugomvi wake wa nyumbani walikuwa wamekwisha cheka pamoja kwa wakati mmoja, wamekuwa jamaa. Filamu kubwa ilipokuja na bunduki zake na machozi yake iliwakuta wamelainika. Fundi alikuwa akisema kuwa kuanza filamu bila katuni ni kama kuingia nyumba ya watu usikute wa kukuambia karibu.

Na zote zilikuwa na mwisho mmoja. Bi Mkubwa aliuchora mara moja, na Fundi aliunganisha kipande hicho cha utepe kwenye katuni yoyote ya siku hiyo. Punje anaingia nyumbani, anatundika kofia, anakaa kwenye kiti chake kidogo. Kando yake kuna kiti kingine, kitupu. Anakipigapiga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aje kukaa. Kisha anazima taa. Hapo ukumbi mzima ulishusha pumzi.

Bi Mdogo, aliyekuwa akiingia ukumbini kutoka dirishani, hakutazama kitambaa wakati huo. Alitazama juu, kwenye kijidirisha cha chumba cha mtambo, ambako uso wa mume wake ulionekana kwa mwanga wa taa ya mashine. Kila siku, kiganja cha Punje kilipogusa kiti kitupu, midomo ya Fundi ilijikaza kidogo. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kulala akikoroma, mtu asiye na siri. Siri yake ilikuwa pale.

"Kwa nini tusianze moja kwa moja na filamu?" alimwuliza siku moja.

"Watu wanaipenda katuni."

"Watu, au wewe?"

Fundi aliendelea kupitisha utepe kwenye meno ya mtambo. "Ni kazi nzuri, mke wangu. Sikuona sababu ya kuizika pamoja naye."

Jibu lile lilikuwa la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki lilimchoma zaidi. Angekuwa mke mwenza aliye hai, wangegombana, wangesutana, wangeshindana kupika. Marehemu hakosei. Hazeeki, hanuni, haamki na uso wa usingizi. Kila siku, mbele ya halaiki, anamwita mume wa mtu akakae naye.

Kabla ya kuolewa Bi Mdogo alikuwa mshonaji, mwenye jicho kali na mkono wenye subira. Asubuhi moja, Fundi akiwa katika shughuli zake, alikitoa kile kipande cha mwisho, akakitandaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akachukua lenzi na sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo. Utepe ukikwaruzwa, mkwaruzo huonekana mweupe kitambaani. Katika kila kijipicha, juu ya kiti kitupu, alimkwaruza mwanamke: kichwa, gauni, miguu miwili iliyofika chini. Kijipicha baada ya kijipicha, asubuhi nzima. Hakuwa na hasira akifanya kazi hiyo. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Kama ni lazima mtu akae pale, basi akae mwenye nyumba.

Siku mwanamke yule alipotokea kitambaani kwa mara ya kwanza, mistari yake ikitetemeka kama nywele kwenye upepo, watu walicheka na kupiga miluzi. "Punje kaoa!" Fundi alichungulia kupitia kijidirisha chake na hakusema kitu. Bi Mdogo aliuchukua ukimya wake kuwa ni kumlilia Bi Mkubwa, akafurahi na kuumia kwa pamoja. Jambo moja tu alilisukuma nyuma ya akili yake. Kiganja cha Punje kilishuka kupapasa kiti, kikakuta paja la mwanamke, kikasimama hewani. Kisha Punje akageuza shingo akamtazama. Sindano ya Bi Mdogo haikuigusa shingo ya Punje hata mara moja.

Siku iliyofuata ndipo Wifi alipokikuta kiti kilichokataa kujikunja.

Fundi aliweka springi mpya. Kiti kilishuka. Akakifunga kwa waya. Waya ulikutwa sakafuni, haukukatwa, umefunguliwa na kunyooshwa vizuri.

Kisha ikaja harufu. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ukumbi, mlango kwa mlango, na jioni moja, wakiwa mezani, Bi Mdogo alinusa penseli iliyochongwa na karatasi iliyolowa. Fundi aliacha kutafuna.

"Umechonga penseli?" alimwuliza, sauti imeshuka.

"Mimi na penseli wapi na wapi?"

Kiti cha tatu mezani, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikikalia, kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo. Bi Mdogo aliweka kiganja juu yake. Kilikuwa na joto.

Usiku aliposhikwa na usingizi alisikia kri, kri, kri, sauti ndogo ya ncha kali juu ya kitu laini, na alipoamka aliona kwenye muundi wake mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka kutoka goti hadi kifundo, haukuuma wala haukutoa damu. Kesho yake ulikuwepo wa pili, kwenye mguu mwingine. Baadaye ikaja mistari ya mapaja, ya kiuno, ya pindo la gauni asilokuwa amelivaa, na alipoitazama yote kwa pamoja kwenye kioo aliutambua mkono wake mwenyewe: palepale alipoanzia kichwani, palepale aliporuka kwa haraka kwenye kiwiko. Alikuwa akichorwa kama alivyochora.

Na alikuwa amechora mtu aliyekaa.

Mara ya kwanza alidhani ni ganzi. Alimaliza kukata tiketi, akataka kuinuka, akajikuta anahitaji kushika ukingo wa dirisha. Siku nyingine alihitaji mkono wa Wifi.

"Mimba hiyo," alisema Wifi akimvuta. "Au uvivu. Vyote hukaa sehemu moja."

"Wifi, acha utani. Nashikwa."

"Na nini?"

Bi Mdogo alimvuta karibu, akanong'ona: "Kuna mtu ananikandamiza mabega."

Wifi hakutania tena siku ile. Alipita ukumbini kufagia akiwa amewasha taa zote, na mlango ameuacha wazi kwa jiwe.

Fundi alijaribu kukiondoa kipande cha mwisho, akaonyesha katuni bila mwisho wake. Mchana huo, katikati ya filamu kubwa, katika tukio la mbio za farasi ambalo halikuwa na uhusiano wowote na Punje, mwanamke wa mistari myeupe alitokea kwenye pembe ya kitambaa akiwa amekaa, akaendelea kukaa farasi wakipita, wapenzi wakiagana, mvua ikinyesha, na katika kila tukio jipya alikuwa mkubwa kidogo kuliko katika lile lililopita, mpaka watu wa safu ya mbele wakaanza kuinuka na kurudi nyuma bila kujua kwa nini, wakikanyagana miguu na kuombana radhi kwa kunong'ona, na kwenye kibanda cha tiketi Bi Mdogo, aliyekuwa haoni kitambaa kabisa, alihisi mabega yake yakibonyezwa chini kwa viganja viwili vya baridi vilivyonuka penseli, akafungua mdomo kumwita mume wake na hakutoka hata mnong'ono, maana mwanamke aliyemchora hakumwekea mdomo.

Fundi alimbeba mpaka nyumbani akiwa amekunjika vilevile, magoti mbele, kama mtu aliyebebwa pamoja na kiti chake. Sauti ilimrudia jioni.

"Ni yeye," alisema. "Bi Mkubwa wako. Ananionea wivu."

Fundi alikaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Unadhani kile kiti ni changu?"

"Ni cha nani kama si chako? Anakuita kila siku. Nakuona mdomo wako."

"Mdomo wangu," alisema Fundi. "Mke wangu, mimi kile kiti nimekionea wivu miaka yote. Alipokuwa akichora alifunga mlango, na nilimsikia akizungumza na mtu. Nilidhani ana mwanaume. Nikaingia kwa kishindo siku moja, nikakuta meza, taa, yeye, na kiti cha pili kando yake, kimevutwa karibu. Akaniambia kuna mgeni. Mgeni huyo alikuja kuzipenda picha, akamzoea yeye, na akikosa pa kukaa kule ndani ya picha atakaa kwetu. Ndiyo maana alimchorea kiti. Nilicheka. Usiku huohuo nikalia. Sikuogopa jini, unaelewa? Niliumia kwamba aliwahi kumwekea mtu mwingine nafasi."

Bi Mdogo alimtazama mume wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona watu wawili wenye wivu chini ya paa moja, na mmoja wao si yeye.

"Kumbe nimemkalia mgeni kiti chake," alisema.

Mganga aliyeletwa na Wifi alikuwa mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliomba bisi kwanza. Kisha akaomba aonyeshwe katuni yote, na konokono alipoanza kulowa alicheka mpaka akashika tumbo. Mwisho ulipofika akaacha kucheka. Alikiendea kiti cha safu ya katikati, akakaa kando yake.

"Umekosewa," alikiambia, kwa sauti ya mtu anayemsemesha jirani. "Hatubishi. Mwenye kosa hakujua."

Springi ililia, ikanyamaza.

Mganga alirudi akifuta mikono. "Hataki damu wala hataki ubani. Anataka kiti chake, kitupu, kama alivyokizoea. Zile karatasi za marehemu zipo?"

"Zipo sandukuni," alisema Fundi. "Na kamera yake ipo."

"Basi zipigwe picha upya, na mkono uliokikalia ndio uzigeuze." Alimgeukia Bi Mdogo. "Lakini sikiliza, binti. Geuza zilizopo. Usiongeze chako hata kidogo. Mgeni huyu hapendi nyumba wala mume wa mtu. Anapenda mkono unaochora."

Fundi alimweka kwenye meza ya marehemu. Alikuwa hawezi kuinuka, basi alikaa, na kazi ile ilitaka mtu wa kukaa. Karatasi moja chini ya kamera, anabonyeza, anaitoa, anaweka nyingine. Punje alisogea upana wa uzi kwa kila karatasi. Bi Mdogo alikuwa amekuja kuichukia kazi ile kwa karibu, lakini mikono ya mshonaji haiwezi kushika kazi safi bila kuiheshimu. Aliona jinsi kofia inavyochelewa kufuata kichwa. Aliona jinsi kiganja, kabla ya kushuka, kinavyopanda kidogo kwanza, na kwamba kupanda huko ndiko kulikowafanya watu washushe pumzi.

Kisha aliinua karatasi moja mbele ya taa, akaona alama za ufutio. Juu ya kiti kitupu palikuwa na mtu aliyefutwa. Masikio makubwa, mabega ya kuinama, na aproni ya mtu wa mtambo. Fundi. Karatasi iliyofuata, Fundi tena, amefutwa. Marehemu alikuwa ameanza kumkalisha mume wake pale, palepale alipotamani Bi Mdogo kukaa, akafika mahali akaelewa ni kiti cha nani, akarudi nyuma karatasi baada ya karatasi akimtoa.

Alimpenda kiasi cha kumfuta.

Wivu uliomshika hapo haukufanana na ule wa mwanzo. Ule ulitaka kunyang'anya. Huu ulitaka tu kuwepo, hata kwa alama moja.

Karibu na mwisho, karatasi moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Iache iruke. Hakuna atakayeona."

"Sawa," alijibu Bi Mdogo. Fundi alipokwenda kuchanganya dawa ya kusafishia filamu, alichukua karatasi safi na penseli ya marehemu. Karatasi moja tu iwe yangu, aliwaza. Alimchora Punje, kiganja hewani, kiti kitupu kando yake. Hakukaa mtu. Alikuwa mwangalifu sana katika hilo. Mkono wake haukutetemeka, na mstari ulikuwa mzuri kuliko alivyotegemea, na kwa sababu ulikuwa mzuri alitabasamu peke yake.

Mahali fulani karibu naye, mtu alivuta pumzi kwa furaha, kama watu wavutavyo pumzi taa za ukumbi zinapozimwa.

Alidhani ni Fundi.

Kipande kipya kilionyeshwa onyesho la mchana, ukumbi umejaa. Bi Mdogo aliwekwa nyuma kabisa, kwenye benchi, Fundi kando yake. Mtambo ulikuwa umewashwa na Wifi, ambaye aliapa kuwa akiunguza kitu asilaumiwe. Punje aliingia, akatundika kofia, akakaa. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Kiganja kikapanda kidogo, kikashuka. Na katikati ya ukumbi, gizani, kiti kilichokuwa kimelala siku zote zile kikagonga pa!, kikajikunja.

Mabega ya Bi Mdogo yakawa mepesi. Alitazama muundi wake kwa mwanga wa kitambaa: ngozi tupu. Aligeuka kwa mume wake, na Fundi hakuwa akitazama kiti cha Punje. Alikuwa akimtazama yeye, midomo imejikaza kidogo, vilevile. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Akaushika mkono wake.

Taa ya Punje ilipaswa kuzimwa hapo. Haikuzimwa. Punje aliinuka kitini, akavuta kile kiti cha pili kando kidogo, akaweka cha tatu kati ya viti hivyo viwili, kipya, kilichochorwa kwa mstari mzuri usiotetemeka. Kisha akatazama moja kwa moja mwisho wa ukumbi, kwenye benchi, na kuita kwa kidole. Watu walicheka, wakageuka kuona anaitwa nani.

"Hiyo umeichora lini?" Fundi alinong'ona.

"Sijaichora."

"Anamwita nani?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimama tena nje ya mlango uliofungwa, akisikiliza mke wake akizungumza ndani. "Mke wangu. Nakuuliza. Anamwita nani?"

Bi Mdogo alitaka kumjibu kuwa hajui. Lakini aliona kuwa uso wa mume wake uko chini yake, na mkono wake umeachwa mtupu kwenye benchi, na njia ya katikati ya viti iko wazi mbele. Alikuwa amekwisha simama.